Lugha ya Mahakama Jukwaani: Vikundi vya Ridhaa na Michezo ya Kesi katika Kiswahili

1. Utangulizi

Miongoni mwa michezo ya kuigiza ambayo vikundi vya ridhaa hupenda kuichagua, mchezo wa kesi una nafasi yake ya pekee. Sababu za jambo hili si ngumu kuzitambua. Tukio lote, au sehemu yake kubwa, hutendeka mahali pamoja, yaani katika chumba cha mahakama. Kwa hiyo hapana haja ya kubadili mapambo ya jukwaa kila mara. Meza moja iliyoinuliwa, viti vichache, na kizimba kilichoundwa kwa mbao au hata kwa madawati mawili, vyatosha. Mavazi ni haba. Zaidi ya hayo, utaratibu wa kusema umekwisha kupangwa na desturi ya mahakama yenyewe: yupo anayeuliza, yupo anayejibu, yupo anayeandika, na yupo anayetoa neno la mwisho. Karani, mwalimu au mwanafunzi ambaye hajapata kupanda jukwaani hata siku moja hutambua upesi asimame wapi na aseme lini.

Lakini wepesi huo ni wa nje tu. Ndani ya mchezo wa kesi mna ugumu wa lugha ambao aghalabu hauonekani mpaka mazoezi yamekwisha kuanza. Katika nchi za Afrika Mashariki, kwa muda mrefu wa karne ya 20, mahakama za juu zilifanya kazi kwa Kiingereza, na watu wengi waliosimama kizimbani hawakukijua Kiingereza. Jaji alisema kwa lugha yake, mshitakiwa akajibu kwa lugha yake, na mkalimani akasimama kati yao. Umbali uliokuwapo baina ya kiti cha jaji na kizimba ulikuwa umbali wa lugha kabla ya kuwa umbali wa hatua. Sasa, mchezo wa kesi ukiigizwa kwa Kiswahili kitupu, umbali huo hutoweka mara moja. Jaji, wakili, shahidi na mshitakiwa wote wasema lugha moja, na watazamaji waifahamu kila sentensi.

Hapo ndipo lilipo jambo linalohitaji kuelezwa. Ikiwa tofauti ya lugha imeondoka, nguvu ya mahakama itaonekanaje? Jawabu ni kwamba Kiswahili kina njia zake cha kuonyesha umbali huo, nazo ni njia za sarufi, za msamiati na za adabu. Kikundi kinachozijua njia hizo chaweza kuonyesha mahakama ya kweli kwa gharama ndogo. Kisichozijua huishia ama katika mchezo wa kuchekesha, ama katika Kiswahili cha vitabu ambacho hakuna anayekisikiliza.

2. Michezo miwili

Tamthilia ya Kiswahili iliyoandikwa ilipata malezi yake ya mwanzo mikononi mwa watu wa ridhaa. Nchini Kenya, mchezo wa Henry Kuria uitwao Nakupenda Lakini, uliochapishwa mwaka 1957, ulitokana na maigizo ya wanafunzi wa shule ya Alliance. Mwaka huo huo ilichapishwa Afadhali Mchawi ya Graham Hyslop. Michezo ya aina hiyo ilitumia maneno ya nyumbani na ya barazani, na waigizaji hawakulazimika kutafuta lugha nyingine isipokuwa ile waliyoamka nayo asubuhi.

Mchezo wa kesi huwataka waigizaji wawe na lugha ya pili ndani ya lugha yao wenyewe. Michezo miwili iliyoingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, katika muda usiozidi miaka kumi, yafaa sana kuonyesha jambo hili. Wa kwanza ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotolewa mwaka 1969, kutoka kwa mchezo wa Shakespeare ulioandikwa mwishoni mwa karne ya 16 na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1600. Wa pili ni Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Raphael Kahaso iliyotolewa mwaka 1978, kutoka kwa mchezo wa Kiingereza wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo wa mwaka 1976. Mahakama ya kwanza iko Venice, ya pili iko Nyeri. Katika ile ya kwanza mdai anayategemea maneno ya hati kuliko kitu chochote kingine duniani. Katika ile ya pili mshitakiwa ayakataa maneno ya mahakama tangu mwanzo. Hivyo michezo hii yasimama kama ncha mbili, na michezo mingi ya kesi huangukia mahali fulani kati yake.

Yafaa kuyatazama majina ya tafsiri hizi kabla ya kuingia ndani. Jina la Kiingereza la mchezo wa Shakespeare lamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Jina la Kiswahili li katika wingi. Tena neno bepari lina historia yake: lilitoka katika lugha za Kihindi, ambako mzizi wake ni mfanyabiashara, na katika siasa za Afrika Mashariki likapata maana ya mtu anayeishi kwa mtaji na jasho la wengine. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, msomaji wa Tanzania alizisikia maana zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo tafsiri ni sahihi kwa asili ya neno, na papo hapo yawashitaki watu wengi zaidi kuliko mchezo wa awali. Jina la mchezo wa pili nalo limefanya kazi ya namna hiyo. Jina la Kiingereza lataja kesi ya Dedan Kimathi. Jina la Kiswahili limeiacha kesi na kumwita mzalendo. Hukumu imetolewa juu ya jalada, kabla ya jaji kuketi.

3. Msamiati wa mahakama

Maneno ya mahakama katika Kiswahili hayakuingia yote kwa mlango mmoja. Mahakama, hakimu, hukumu, sheria, haki, shahidi, wakili na dai yana asili ya Kiarabu, na mengi kati ya hayo yalizoeleka pwani kwa makadhi na waandishi wa hati muda mrefu kabla ya utawala wa Wazungu. Korti, jaji na kesi yalikuja na Waingereza. Shauri na baraza, ambayo pia yametoka ng'ambo, yalikaa sana katika Kiswahili hata yakawa maneno ya kila kijiji, na katika enzi ya ukoloni yalitumika kwa mashauri yaliyokatwa na wazee na watawala wa wilaya.

Mtunzi wa mchezo au mwongozaji anayechagua kati ya korti na mahakama, au kati ya kesi na shauri, achagua pia enzi na tabaka. Mzee wa shamba anayesema kwamba ameitwa kortini aonekana mbali na mahali hapo. Wakili anayesema kwamba ameiambia mahakama aonekana yu nyumbani. Waigizaji wa ridhaa mara nyingi huyachanganya maneno haya ovyo ovyo, wakidhani kwamba yana maana moja. Maana ni moja kweli, lakini wenyewe ni tofauti.

Maneno mengine yabeba picha ambayo jukwaa laweza kuitumia. La kwanza ni kizimba. Kabla ya kuwa mahali pa mshitakiwa, kizimba ni tundu au kijumba cha kufungia kuku na wanyama. Mtazamaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa hali ya mtu aliyemo. Neno limekwisha kumwambia. La pili ni yamini. Mtu hula kiapo, au hula yamini, na yamini kwa asili yake ni mkono wa kuume. Mwigizaji anayeinua mkono wa kushoto kwa haraka ya woga huwa amelivunja neno pamoja na kiapo. La tatu ni kitenzi kata. Kwa Kiswahili shauri hukatwa, kesi hukatwa, na rufani hukatwa pia. Yaonekana lugha imeiona kazi ya mahakama kuwa ni kazi ya kisu, ya kutenganisha pande mbili zilizoshikamana. Mchezo wa Venice, ambao ndani yake mtu amenoa kisu mbele ya jaji, waikuta picha hiyo ikingoja katika lugha yenyewe.

4. Mahakama ya Venice

Habari ya kesi hii yajulikana. Shylock, Myahudi wa Venice, amekopesha dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu. Antonio amejifunga kwa hati kwamba deni lisipolipwa kwa wakati, mkopeshaji aweza kukata ratili moja ya nyama mwilini mwake. Muda umepita, fedha haikupatikana, na katika sehemu ya nne ya mchezo pande zote mbili zaja mbele ya Mtawala wa mji. Portia, mwanamke, aingia akiwa amejigeuza mwanasheria kijana.

Anapoingia, jambo la kwanza analouliza ni nani kati ya watu wawili walio mbele yake ndiye mfanyabiashara na nani ndiye Myahudi. Kwa mtazamaji wa Kiingereza swali hilo ni la kawaida ya mahakama. Kwa mtazamaji ambaye amenunua tiketi ya mchezo wenye jina la mabepari, swali hilo lina mwiba, maana jina limekwisha kumwambia kwamba tofauti baina ya wawili hao si kubwa kama wanavyodhani wenyewe. Kikundi cha ridhaa kinachowavika Antonio na Shylock mavazi yanayokaribiana hulifanya swali hilo liwe swali la kweli.

Jambo la pili ni wito. Katika onyesho zima la kesi, Shylock huitwa kwa jina lake mara chache. Mara nyingi huitwa Myahudi. Antonio huitwa Antonio. Hapa mahakama haijatoa hukumu yoyote, na hata hivyo upande mmoja una jina na upande wa pili una kabila. Mwigizaji wa Shylock asiyeona jambo hili humfanya mtu wake awe katili wa hadithi za watoto, na watazamaji humcheka. Kicheko hicho huiharibu kesi. Mtu aliyetemewa mate, aliyetorokwa na binti yake, na ambaye sasa ameshika karatasi yenye muhuri, ana sababu ya kuiamini karatasi kuliko watu. Asipoaminika katika hilo, kuanguka kwake hakutakuwa na uzito wowote.

Kisha yaja maneno ya hati. Portia amsihi Shylock awe na huruma, akataa. Aambiwa atalipwa mara tatu, akataa. Aombwa amwite mganga wa kuzuia damu. Auliza kama jambo hilo limeandikwa katika hati. Shylock ajifunga mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa kamba ya herufi. Ndipo Portia amjibu kwa herufi zile zile: hati yasema nyama, haikutaja damu, yasema ratili moja, haikutaja zaidi wala pungufu. Wakati huo Shylock anayo mizani tayari. Kwa watu wa Kiswahili mizani ni chombo cha kupimia vitu, na vilevile ni hesabu ya silabi katika mstari wa shairi, na hapa maana zote mbili zakutana, kwa kuwa kinachopimwa ni maneno.

Ratili ni kipimo ambacho kijana aliyekulia katika kilo huenda asikifahamu. Hapana haja ya kulibadili neno. Mwongozaji aiweke mizani mahali inapoonekana tangu mwanzo wa onyesho, na uzito wake mdogo juu ya sinia. Mtazamaji ataona jinsi kitu kinachodaiwa kilivyo kidogo, na jinsi kilivyo karibu na moyo.

Portia naye ana fundisho lake. Hakuwa na haki ya kusimama mahali hapo. Alichokuwa nacho ni lugha ya mahali hapo, na kwa lugha hiyo alipita. Msichana wa kikundi cha ridhaa anayeigiza sehemu hii mara nyingi hushauriwa atie sauti nzito na kubandika masharubu. Ushauri huo si mzuri. Joho la Portia ni sentensi zake: utulivu wa kuuliza, subira ya kumwachia mwenzake aseme mpaka mwisho, na kulitamka kila neno la hati kana kwamba yeye ndiye aliyeliandika.

5. Mahakama ya Nyeri

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni katika vita vya Mau Mau, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Alishitakiwa Nyeri mwezi wa Novemba, mbele ya Jaji Mkuu Sir Kenneth O'Connor na wazee watatu wa baraza, kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi kinyume cha sheria za hali ya hatari. Alihukumiwa tarehe 27 Novemba 1956, na akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Katika koloni la Kenya Mzungu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa aliweza kuhukumiwa mbele ya baraza la waamuzi wa rangi yake, na uamuzi wao ulikuwa na nguvu. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Wako wasemao kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Usemi huo wafaa kukumbukwa na kila anayeigiza mchezo huu.

Katika mahakama ya kweli Kimathi alikana kosa, akatoa ushahidi wake kwamba alikuwa akija kujisalimisha. Kumbukumbu za kesi hiyo zilifichika kwa miaka mingi, na zilichapishwa katika kitabu mwaka 2017. Ngũgĩ na Mũgo hawakukusudia kuziiga. Walisema wazi katika dibaji yao kwamba mchezo si nakala ya kesi ya Nyeri. Walichofanya ni kubuni mahakama nyingine, ambamo mashitaka husomwa, mshitakiwa huulizwa akiri au akane, naye hunyamaza. Husomewa tena, hunyamaza tena. Anapokuja kusema, halizungumzii kosa. Auliza mahakama hiyo imepata wapi haki ya kumhukumu. Kati ya vikao vya mahakama Kimathi hujaribiwa katika seli yake na watu wa namna mbalimbali, wakiwamo wenye mabenki, mwanasiasa na mtu wa dini, kila mmoja akija na ushawishi wake.

Mchezo ulionyeshwa katika Jumba la Taifa la Michezo mjini Nairobi mwezi wa Oktoba 1976, na ukapelekwa Lagos katika tamasha la sanaa za watu weusi la mwaka 1977. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa na nyimbo na maneno ya Kiswahili na Kikuyu ndani yake. Kwa hiyo katika mchezo wa awali lugha ziligawana jukwaa kama watu walivyogawana chumba: maagizo ya waandishi yawaweka Wazungu upande mmoja katika viti vizuri, na Waafrika upande wa pili wakibanana juu ya mabenchi. Kiingereza kilikuwa sauti ya kiti cha jaji, na nyimbo zilikuwa sauti ya mabenchi.

Katika Mzalendo Kimathi ukuta huo wa lugha haupo tena. Jaji amshitaki Kimathi kwa lugha ambayo watu wa mabenchi huimba. Huenda mtu akadhani kwamba hii ni hasara ya tafsiri. Ni hasara kweli, lakini imeleta faida yake. Mtazamaji wa Kiingereza aliweza kudhani kwamba mahakama na mshitakiwa hawakuelewana kwa sababu ya lugha. Mtazamaji wa Kiswahili hawezi kushika udhuru huo. Aona watu wawili wanaoelewa kila neno walilosemeana, na bado hakuna neno hata moja linalovuka. Kikundi kinachoigiza kwa Kiswahili, basi, chaonyesha jambo gumu zaidi: kwamba umbali ulikuwa wa haki, na lugha ilikuwa nguo yake tu.

Ukimya wa Kimathi ndio mtihani mkubwa wa waigizaji wa ridhaa. Mtu asiyezoea jukwaa huogopa ukimya. Adhani mwenzake amesahau maneno, na hukimbilia kuliziba pengo. Tena zipo nyamaza za namna mbili katika mchezo wa kesi, nazo hazina budi kusikika tofauti. Ya kwanza ni ile inayoamrishwa na karani anapotaka watu watulie. Hiyo ni mali ya mahakama. Ya pili ni ya mshitakiwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo husikika pale tu jaji anapolazimika kuyasoma tena maneno yale yale, kwa sauti ile ile, na mara ya pili yanakuwa mepesi kuliko ya kwanza.

6. Njia za kurudisha umbali

Kutokana na michezo hii miwili zaweza kutolewa njia nne ambazo Kiswahili chenyewe hutumia kuonyesha mamlaka ya mahakama.

Njia ya kwanza ni kitenzi cha kutendwa. Hati ya mashitaka haisemi nani anashitaki. Husema: mshitakiwa alikutwa na silaha, unashitakiwa kwamba, imethibitishwa, umepatikana na hatia. Mtendaji amefichwa. Katika mazoezi, kikundi chaweza kulijaribu jambo hili kwa kugeuza sentensi: badala ya kusema kwamba mshitakiwa alikutwa na bastola, mwigizaji aseme kwamba askari fulani alimpiga risasi mguuni, akamkamata na kumpekua. Papo hapo pana watu, pana damu, na mahakama imeshuka kutoka juu ya meza yake. Waigizaji wakirudia maneno ya hati baada ya zoezi hilo, huyasema wakijua wanachokificha.

Njia ya pili ni nafsi. Jaji anaposema, "Mshitakiwa ana neno la kusema?" amwondoa mtu aliye mbele yake katika nafsi ya pili na kumtia katika nafsi ya tatu, kana kwamba hayupo. Naye jaji mwenyewe hujiondoa katika nafsi ya kwanza: hasemi kwamba ameridhika, husema kwamba mahakama imeridhika. Hivyo watu wawili watazamanao uso kwa uso wazungumza kupitia majina mawili, mshitakiwa na mahakama. Katika Mzalendo Kimathi njia hii ina kazi maalumu, kwa sababu mtu mmoja, Shaw Henderson, huonekana akiwa jaji, na huonekana tena selini akimbembeleza na kumtesa mfungwa. Mwigizaji wa sehemu hiyo abadili sarufi pamoja na joho: selini ni mimi na wewe, mahakamani ni mahakama na mshitakiwa. Watazamaji watamtambua kuwa ni yule yule, na hilo ndilo waandishi walilotaka.

Njia ya tatu ni kuamuru na kuomba. Simama, jibu, nyamaza, haya ni maneno ya kwenda chini. Naomba kuieleza mahakama, kwa idhini ya Mheshimiwa, haya ni maneno ya kwenda juu. Katika mahakama iliyoigizwa vizuri, mtazamaji aliyefumba macho aweza kujua kila anayesema amekaa kimo gani.

Njia ya nne ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya Waswahili, nayo ni kukosekana kwa maamkizi. Kijana anayekutana na mzee huamkia shikamoo, na mzee humjibu. Hapana mazungumzo ya heshima yanayoanza bila hayo. Mahakamani hapana shikamoo. Karani wa umri wa mjukuu humwita babu kwa jina lake kamili pasipo cheo wala ukoo, humwamuru asimame, na kumuuliza dini yake ili amwapishe. Mzee aliyezoea kusikilizwa baada ya kukohoa kidogo hukatizwa na kuambiwa ajibu ndiyo au siyo. Waigizaji wa ridhaa, kwa malezi yao mema, mara nyingi hukosea hapa: kijana anayeigiza wakili huinama kidogo mbele ya mzee anayeigiza shahidi, au humwita baba katikati ya swali kali. Kosa hilo lina faida likionwa mapema. Mwongozaji amwache kijana aone ugumu wa kutoinama, kwa kuwa ugumu huo ni sehemu ya kesi.

Kwa upande mwingine, kikundi cha ridhaa kina hazina ambayo waigizaji wa kulipwa huenda wasiwe nayo, nayo ni watu waliokwisha kuishi maneno yenyewe. Mfano mzuri watoka Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, ambako mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi waliigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wazee wa kijiji waliwasahihisha waandishi wasomi juu ya jinsi mzee anavyosema na mzee mwenzake. Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977, na kibali chake kikaondolewa mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Mchezo huo haukuwa wa kesi, lakini fundisho lake lahusu michezo yote. Kikundi kinachotaka kuigiza mahakama kiwaite mazoezini watu waliopata kusimama kizimbani, waliotoa ushahidi, na waliotumikia mahakama kwa ukarani au ukalimani. Watasahihisha mengi ambayo kamusi haiyajui.

7. Jukwaa na mahakama ya kweli

Nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama za mwanzo tangu zilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1963. Katika mahakama za juu hali ilikuwa nyingine: hata pale ambapo mashahidi walisema Kiswahili, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ilipobadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama zote, na Kiingereza kikabaki kwa mashauri ambayo haki yahitaji kitumiwe. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yampa mshitakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya kesi yake.

Kutokana na tarehe hizi yaonekana kwamba jukwaa lilitangulia. Mtawala wa Venice alitoa hukumu yake kwa Kiswahili fasaha mwaka 1969, na jaji wa Nyeri mwaka 1978, wakati ambapo hukumu za mahakama za juu zilikuwa bado zikiandikwa kwa lugha ambayo wengi wa waliohukumiwa hawakuweza kuisoma. Watu wa ridhaa walioigiza kesi kwa Kiswahili walikuwa wakijaribu, pengine pasipo kujua, kama lugha hii yaweza kubeba uzito wa hukumu.

Lakini michezo hiyo miwili yatoa pia onyo. Shylock aliielewa kila herufi ya lugha ya mahakama, akaangamia kwa herufi. Kimathi wa jukwaani aelewa mashitaka yake neno kwa neno, wala ufahamu huo haumwokoi. Kuifanya lugha ya mahakama iwe lugha ya watu ni jambo kubwa, na lilichelewa sana. Bado vitenzi vya kutendwa vyaweza kuficha mtendaji kwa Kiswahili kama vilivyomficha kwa Kiingereza, na mzee aweza kukatizwa kwa Kiswahili sanifu kama alivyokatizwa kupitia mkalimani. Kikundi kidogo cha walimu na makarani, chenye meza moja na kizimba cha madawati, chaweza kuyaonyesha mambo hayo mbele ya watu ambao kesho huenda wakaitwa mahakamani wao wenyewe. Kwa sababu hiyo mchezo wa kesi wastahili mazoezi marefu kuliko yale unayopewa kwa kawaida, na sehemu kubwa ya mazoezi hayo iwe ya lugha.